Nchi Gani Zinafaa Kuingia Mashindano ya Nyimbo ya Kimataifa? Sheria Ni Hizi, na Hapa Ndo Msanii wa Kisii na Nyamira Anatoshea

Septemba 20, 2025, Sanaipei Tande alipanda jukwaa huko Moscow, Urusi, akabeba jina la Kenya kwenye Intervision, mashindano ya nyimbo yaliyoalika nchi 23. Ngoma yake ilikuwa "Flavour". Vietnam ndo walibeba ushindi kupitia Đức Phúc, Kyrgyzstan wakawa wa pili, Qatar wa tatu.

Kama ulicheki hiyo story ukajiuliza "kwani Kenya iliingia aje, na mbona Uganda na Tanzania hazikuwa?", uko pahali poa. Na kama wewe ni msanii uko Daraja Mbili, Ogembo, Keroka ama Nyansiongo, una ngoma ya Ekegusii kwa simu na hujui mlango uko wapi, hii ndo story yako kabisa. Tunapitia sheria moja moja: nani huamua nchi gani inaingia, ni kwa nini, na sisi huku Afrika Mashariki tukianzisha yetu tunafaa kufuata mfumo gani.

KITU CHA KWANZA: SI NCHI INAINGIA, NI STESHENI

Hapa ndo watu wengi huchanganyikiwa. Eurovision, ambayo ndo baba ya haya mashindano yote, ilianza 1956 mjini Lugano, Uswisi, na nchi saba tu. Wenye shoo ni EBU, muungano wa mashirika ya utangazaji ulioanzishwa 1950. Serikali haijazi fomu. Anayejaza ni shirika la utangazaji, mara nyingi lile la umma. Uingereza huingia kupitia BBC. Fikiria tu ni kama Kenya ingekuwa inaingia kupitia KBC.

Na si kila shirika linakubaliwa. Kuna eneo la utangazaji la Ulaya ambalo limechorwa kwa ramani ya mawimbi ya redio, na upande wa kusini linafika mstari wa digrii 30 kaskazini mwa ikweta. Ndo maana nchi za Afrika kaskazini kama Morocco, Tunisia na Misri ziko ndani kwa makaratasi. Kisii iko chini kidogo tu ya ikweta, so hapo hatuko hata karibu.

Morocco ilijaribu mara moja tu, 1980, na mwimbaji Samira Bensaïd. Wakamaliza nambari 18 kati ya nchi 19, na hawajawahi kurudi. Mpaka leo ndo nchi ya pekee ya Afrika kuwahi kupanda hilo jukwaa.

Halafu kuna Australia. Ndio, Australia ya kangaroo. Iliingia 2015 ju stesheni yao ya SBS ni mwanachama mshiriki wa EBU, na imekuwa ikionyesha Eurovision miaka mingi watu wakiamka asubuhi kuicheki. Waliingia kwa mwaliko, na 2016 Dami Im karibu abebe shoo yote, akawa wa pili.

Funzo ni moja: ramani ya shule haisemi kila kitu. Wenye shoo wakikutaka, utapata mlango. Wasipokutaka, hata ukiwa jirani utabaki nje.

KITU CHA PILI: MWIMBAJI ANAWEZA TOKA POPOTE

Hii itakushtua kama hukujua. Eurovision haina sheria ya kulazimisha mwimbaji awe raia wa nchi anayowakilisha. Céline Dion ni Mkanada, lakini 1988 alishindia Uswisi.

Na sisi pia tuna wetu. 2011 pale Düsseldorf, Ujerumani, Norway iliwakilishwa na Stella Mwangi, dem aliyezaliwa Nairobi na kuhamia Norway akiwa mtoi. Ngoma iliitwa "Haba Haba", na ndani alichanganya Kiingereza na Kiswahili. Hakuvuka nusu fainali, lakini ndo mara ya kwanza Kiswahili kuskika kwenye hilo jukwaa. So Kiswahili kilifika Eurovision kabla ya nchi yoyote ya Waswahili kufika. Kiliingia na pasi ya Norway.

KITU CHA TATU: MWALIKO NI SIASA

Intervision si kitu kipya. Kulikuwa na shoo ya hilo jina Czechoslovakia miaka ya sitini, halafu ikarudi Sopot, Poland, kuanzia 1977 hadi 1980. Ilikuwa upande wa pili wa Vita Baridi. Urusi iliifufua 2025 baada ya kufungiwa Eurovision 2022 ju ya kuvamia Ukraine. Mwaka huohuo wa 2022, Ukraine ndo walishinda Eurovision na Kalush Orchestra.

Sasa cheki venye mwaliko hufanya kazi. Intervision haikutumia ramani wala uanachama wa stesheni. Wenye nyumba walialika wenye walitaka, na kutoka bara letu Kenya, Ethiopia, Madagascar, Afrika Kusini na Misri zikawa ndani. Marekani ilikuwa iwakilishwe na mwimbaji Vassy, akatoka dakika za mwisho, waandaaji wakisema ni shinikizo la serikali ya Australia, kwenye yeye ni raia. Hivyo orodha ya 23 ikabaki 22 jukwaani. Na mwimbaji wa wenyeji, Shaman, akasema asipewe alama.

Eurovision nayo haijaponea. 2005 Lebanon ilijitoa kabla ya kuingia ju haingehakikisha itaonyesha ngoma ya Israeli kwenye runinga yao. Na Desemba 2025, Uhispania, Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland zilitangaza hazitaingia shindano la 2026 baada ya Israeli kukubaliwa kuendelea.

Hapo ndo unaelewa "nchi gani inafaa" si swali la muziki peke yake. Ni swali la nani anakaa meza moja na nani. Mtu akikuambia hii ni burudani tu, muulize mbona watu wanafungiana mlango.

KITU CHA NNE: SISI TAYARI TULISHAJARIBU, NA RAMANI ILIKUWA YA SPONSA

Kabla ya kulia hatuna Eurovision yetu, kumbuka tulikuwa na shoo kadhaa. Kila moja ilikuwa na jibu lake la nani anaingia.

Coca-Cola Popstars, 2004. Nchi tatu, na kila nchi ikatoa kundi lake. Kenya walikuwa Sema, na ndani ya Sema alikuwa huyo huyo Sanaipei Tande. Tanzania walikuwa Wakilisha, wenye Langa, Witness na Shaa. Uganda walikuwa Blu*3. Hakuna mtu alipigania nafasi na jirani.

Tusker Project Fame, 2006 hadi 2013. Hii ndo ilikuwa kubwa kabisa, na zawadi ya mita tano, yaani shilingi milioni tano. Ilianza na Kenya, Uganda na Tanzania, halafu ikapanuka. Washindi wake sita ni hawa:
– 2006: Valerie Kimani (Kenya)
– 2008: Esther Nabaasa (Uganda)
– 2009: Alpha Rwirangira (Rwanda)
– 2010: Davis Ntare (Uganda)
– 2012: Ruth Matete (Kenya)
– 2013: Hope Irakoze (Burundi)

Cheki hiyo orodha vizuri. Rwanda na Burundi, nchi ndogo kabisa za ukanda, kila moja ina taji. Tanzania, yenye bongo fleva inayopigwa kila matatu kutoka Kisii mpaka Kampala, haina hata moja. So mtu akikuambia "nchi ndogo zisiingie, hazina talanta", mwonyeshe hiyo orodha.

East Africa's Got Talent, 2019. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Washindi walikuwa Esther na Ezekiel Mutesasira, ndugu wawili watoi kutoka Uganda, wakabeba dola 50,000.

Unaona shida? Hapa kwetu mlango umekuwa ukifunguliwa na sponsa. Soda ikija, tunaimba. Bia ikija, tunaimba. Sponsa akifunga mfuko, shoo imeisha, kama venye Project Fame iliisha. Na sponsa huenda kwenye biashara iko. Kampuni ya bia haiwezi enda kusaka vipaji Mogadishu. Si ubaya wake, ni biashara. Lakini biashara haiwezi kuwa sheria ya nani ni Mwafrika Mashariki.

MIFUMO MINNE, NA SHIDA ZAKE

Tuseme leo tunaanzisha shindano letu la nyimbo la Afrika Mashariki. Nani anaingia? Chaguo ni hizi.

1. Uanachama wa Jumuiya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu Arusha, ina nchi nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, DRC iliyoingia 2022, na Somalia iliyoingia 2024. Orodha iko wazi, hakuna kubishana. Jumuiya pia ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, lililoanza Kigali 2013 na kuzunguka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Shida: Comoro iko nje, ilhali lugha yao na Kiswahili ni binamu kabisa. Ethiopia pia iko nje. Na Congo ikiingia inakuja na rumba na watu zaidi ya milioni 100.

2. Stesheni ya umma. Kama EBU. KBC, UBC, TBC, RBA na wenzao. Uzuri ni kwamba mwenye kuingia analazimika kuonyesha shoo yote, si ngoma yake tu. Na inafungua mlango mwingine: Zanzibar ina ZBC yake. Je, iingie kivyake? Kwa mpira hii story tunaijua. CECAFA huacha Zanzibar icheze peke yake, lakini CAF iliipa uanachama kamili Machi 2017 halafu ikaunyakua Julai mwaka huohuo. Uingereza nayo kwa mpira ni timu nne, kwa Eurovision ni moja.

3. Mwaliko. Kila mwaka wenyeji wanaita wenye wanataka. Ni rahisi, ni haraka. Lakini ushaona Moscow: mwaliko huwa na bei yake.

4. Sponsa. Ushaona pia.

KISII NA NYAMIRA: HESABU ITAKAYOKUSHANGAZA

Sasa tuje nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Pamoja ni karibu milioni 1.9.

Latvia, iliyoshinda Eurovision 2002, ina watu karibu hivyo hivyo. Estonia, iliyoshinda 2001, iko karibu na Kisii peke yake. Nyamira peke yake inapita Malta na Iceland kwa watu, na hizo ni nchi kamili zenye bendera na tiketi ya kuingia. San Marino ina watu kama 34,000, na alama zao 12 zina uzito sawa na 12 za Ujerumani.

Sisemi Gusii iwe nchi, usinishikishe maneno. Ninasema hivi: Kenya ikipata nafasi moja, hiyo nafasi moja inabeba watu zaidi ya milioni 47 na lugha zaidi ya 40. Swali la nani anaingia haliishi kwa mpaka wa Isebania. Linaingia mpaka ndani ya nyumba. Mtoto wa Tabaka anayechapa obokano, ile ala ya nyuzi nane yenye sauti nzito ya Abagusii, atapitia wapi kufika?

Na hapa kuna mtego wa lugha. Eurovision iliwahi kulazimisha kila nchi iimbe lugha yake ya taifa: 1966 hadi 1972, kisha 1977 hadi 1998. Tangu 1999, imba unavyotaka. Hiyo sheria ya zamani ikiletwa kwetu vile ilivyo, Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili. Manake ngoma ya Ekegusii imekatwa kabla hata haijaskizwa. Hiyo hiyo Katiba inaambia serikali ikuze lugha za kiasili. Christopher Monyoncho aliimba benga kwa Ekegusii maisha yake yote na akaskizwa mbali na Kisii. Sheria kama hiyo ingemwambia abaki nyumbani.

Mipaka pia haijui nyimbo. Wakuria wako Migori upande wa Kenya na Tarime upande wa Tanzania. Lugha yao iko karibu sana na Ekegusii, na iritungu yao ni ndugu ya obokano. Wimbo wa Kikuria ukishinda, alama zinaenda Nairobi ama Dodoma? Jibu poa ni lile la Céline Dion na Stella Mwangi: anayeuleta ndiye anaubeba. Usiulize wimbo ulizaliwa wapi.

Na kama unadhani mipaka ni shida ya nchi kubwa tu, enda Keroka. Mji mmoja, barabara moja, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na kaunti mbili zimevutana miaka kuhusu nani anakusanya ushuru. Mama mboga anajua hiyo vita vizuri ju yeye ndo hulipa. Sasa fikiria mchujo wa kaunti. Msanii wa Keroka anajiandikisha upande gani? Kama sheria haijaandikwa mapema, atapigwa danadana mpaka deadline ipite.

SHERIA ZENYE ZINAFAA, KWA MAONI YA HII MEZA

Baada ya kupitia zote, hii ndo form.

Moja: mlango uwe stesheni ya umma, na orodha ianze na nchi nane za Jumuiya. Ukiingia unaonyesha shoo yote laivu, hata ngoma ya nchi mmekosana. Ukikataa, unakaa nje. Hiyo ndo ilitoa Lebanon 2005, na ni haki.

Mbili: viti viwili ama vitatu vya wageni kila mwaka, kwa kura ya wanachama wote na si ya mwenyeji peke yake. Comoro na Ethiopia waanze hapo. Zanzibar pia, mpaka wenyewe na bara waelewane.

Tatu: hakuna kupigia nchi yako kura, na kila nchi iwe na uzito sawa. Eurovision hufanya hivyo. Tukihesabu simu tu, nchi yenye watu wengi itashinda kila mwaka na Burundi hawatarudi.

Nne: lugha iwe huru.

Tano, na hii ndo muhimu kwako: kila nchi ilazimishwe kuchuja wazi, kuanzia chini. Marekani ilifanya hivyo 2022 na American Song Contest: majimbo 50, maeneo matano na Washington D.C., ngoma 56. Mshindi, AleXa, alitoka Oklahoma, si New York wala Los Angeles. Sisi tuna kaunti 47, na KBC tayari ina stesheni za mashinani. Huku kwetu ni Minto FM, inayopeperusha kwa Ekegusii. Mitambo iko. Kilichobaki ni mtu kusema tuanze.

Na kwa mji wenye kaunti mbili kama Keroka: msanii achague upande mmoja, aandike, imeisha.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, kura unayo tayari. Tangu 2023, Eurovision inaruhusu watu wa nchi zisizoshiriki kupiga kura mtandaoni kwa malipo, na kura zote za dunia zinahesabiwa kama nchi moja. Ukiwa Suneka na kadi ya benki, unapiga.

Pili, kama wewe ni msanii, andikisha ngoma yako kwa jina lako na uweke tarehe uliyoitoa. Eurovision hukataa ngoma iliyotoka kabla ya Septemba 1 ya msimu huo, na haitaki wimbo upite dakika tatu. Shoo yoyote itakayokuja itakuwa na sheria kama hizo. Ngoma ya dakika saba ya benga ni tamu kwa harusi, lakini pale itakatwa. Kuwa na toleo fupi kwa mfuko.

Tatu, Kenya ikialikwa tena pahali, uliza mapema: nani alichagua, lini, na kwa njia gani? Uliza bila matusi, Sanaipei hana makosa kwa kualikwa, na sauti anayo tangu 2004. Lakini nafasi ya nchi ni ya nchi. Ukinyamaza leo, usilie kesho mchujo ukifanywa kwa ofisi moja Nairobi, na wewe uko Nyamira na obokano imelala ukutani.